Mama Kiwiko, Mwogeshaji wa Watoto wa Watu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye chungu jikoni apunguze moto kidogo. Leo nina mtu wa kumkumbuka, na huyu nilimfahamu.

Tunamkumbuka Mama Kiwiko. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alifanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na tisa, akastaafu mwaka jana. Hakuwa daktari, hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu, na kazi aliyojulikana nayo ilikuwa moja: kuwafundisha wazazi wapya kumwogesha mtoto bila mtoto kuogopa maji. Narudia, bila mtoto kuogopa maji. Wako watakaosema hiyo ni kazi ndogo. Hao hawajawahi kushika mtoto wa siku kumi aliyepakwa sabuni.

Mimi nimemshika. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, hawezi kuinama, kwa hiyo zamu ikaniangukia. Binti yangu aligusa maji, akapiga ukelele uliofika mpaka kwa mlinzi getini. Nikabaki nimemning'iniza hewani, mdomo wazi. Mama Kiwiko akaja na aproni yake ya plastiki, akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini.

"Baba, si ndiye wewe wa redioni? Unaongea saa mbili nzima hata maji hunywi. Leo mtu wa kilo tatu amekunyamazisha?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mabega yakashuka.

"Haya, sasa umelegea," akasema. "Mtoto anaujua mkono wenye hofu. Ukiogopa wewe, na yeye anaogopa."

Kisha akanifundisha. Maji baridi kwanza kwenye beseni, ya moto baadaye. Koroga vizuri. Halafu kunja mkono utumbukize kiwiko, siyo kiganja. Narudia, wasikilizaji: kiwiko, siyo kiganja. Ukitumia kiganja alikuchapa kikofi mgongoni mwa mkono, hata uwe meneja wa benki. Jina lake lilitoka hapo. Baada ya hapo, kitambaa chenye uvuguvugu juu ya tumbo la mtoto, asijione yuko uchi mbele za watu.

Na kabla ya kumshusha, alibisha hodi. Sitanii. Aligonga ukingo wa beseni mara mbili kwa kidole, akamwambia mtoto, "Hodi, mwenyewe?" Halafu akasubiri, macho kwenye vile vingumi vilivyokunjwa. Ngumi ikilegea anasema, "Amesema karibu," ndipo anaanza na visigino, taratibu, mkono mmoja chini ya shingo, huku akipiga naye soga. Kina mama vijana walimcheka sana. Akawajibu, "Mtu akiingia chumbani kwako bila hodi, wewe hupigi kelele?"

Siku ile binti yangu aliishia kuyapiga maji mateke, nikalowa mpaka ukosi wa shati.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Sisi tulidhani kiwiko ni ujuzi wa hospitali. Mama Kiwiko alijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Jana alikuja hapa studio. Ameniruhusu niwasimulie.

Kabla ya kwenda wodini, Mama Kiwiko alikuwa dobi. Kwa miaka tisa alifua mashuka ya hoteli, mikono ndani ya maji ya moto tangu asubuhi. Viganja vikaota sugu, vikawa havisikii tena joto. Alikuwa anaipua sufuria bila kitambaa, na watu wanamsifu. Siku moja, binti yake akiwa na miezi minane, alimwandalia maji ya kuoga. Akapima kwa kiganja. Kiganja kikamwambia maji ni vuguvugu. Kiganja kilimdanganya, wasikilizaji. Mtoto aliungua mguu wa kushoto, kutoka gotini mpaka kwenye kifundo.

"Mimi sikumbuki chochote," binti ananiambia. "Nimesimuliwa na shangazi. Anasema kidonda kilipona vizuri, lakini nilikuwa nikisikia ndoo inaburutwa tu, nalia mpaka natapika."

Basi mama akaanza upya. Alimkalisha mtoto kwenye beseni kavu, amezungukwa na vijiko vya kuchezea. Beseni kavu, siku nne. Kisha kitambaa chenye unyevu. Kisha kikombe kimoja cha maji, mtoto achovye vidole mwenyewe. Kila siku alibisha hodi, na ngumi isipolegea anaahirisha mpaka kesho. Ilichukua wiki saba. Wiki saba kumrudisha mtoto mmoja kwenye maji. Ndipo akaacha udobi, akaenda kuomba kazi wodini. Yote aliyotufundisha sisi yalitoka kwenye lile kosa, na hakutuambia.

Mwaka jana binti naye akajifungua mtoto wa kike. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo moyo wangu unapovunjika. Mama Kiwiko, aliyeogesha watoto wa watu wasio na idadi, hakumwogesha mjukuu wake. Hata mara moja. Alikuja kila alasiri, akasimama mlangoni pa bafu, akatoa maelekezo. Ukimpa mtoto, anarudisha mikono nyuma.

"Nilimsihi," binti anasema. "Namwambia, 'Mama, mshike tu nikachukue taulo.' Anasema, 'Taulo nakuletea mimi.' Siku moja nikambana aniambie kwa nini. Akasema, 'Mwanangu, amechukua sura yako ya wakati ule. Nikimwona kwenye beseni, nakuona wewe.'"

Waliosema mganga hajigangi hawakukosea.

Kisha ikaja siku binti amechoka. Mtoto analia, yeye hajapata usingizi wa maana, na mama yuko mlangoni anahimiza, kiwiko, kiwiko. Uvumilivu ukamwishia. Akageuka akasema, "Mama, kama huwezi kumshika, basi usije wakati wa kuoga. Unanitia wasiwasi."

"Alikuwa na taulo mkononi," binti anasema, na hapo ilibidi tusimamishe kurekodi kwa muda. "Alitundika taulo msumarini, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anakuja mtoto ameshaoga. Anamkuta amevaa, anamnusa utosi, anasema, 'Mmefanya vizuri.' Wiki tatu hivyo. Halafu Jumanne nikapigiwa simu."

Moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa anatandika kitanda. Hakuugua, hakuaga.

Nilimuuliza binti kama alikuwa na kinyongo cha ule mguu. Akanitazama kama nimemtukana. "Kinyongo cha nini? Nilimsamehe hata kuongea sijajua. Mtu anayekupa mwanawe umwogeshe, si amekwisha kukusamehe? Nilidhani anajua. Sikuwahi kulitamka."

Hilo neno limeninyima raha tangu jana. Miaka thelathini mama na mwana wamekula meza moja. Mmoja anasubiri neno asilothubutu kuliomba. Mwingine analo mdomoni, hajui kama linasubiriwa. Wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwako yupo mtu unayedhani anajua, nakuomba usidhani. Mwite, hata kama ana povu mikononi. Mwambie. Ataona haya, na wewe utaona haya, halafu yatapita.

Kwa binti, kwa mkwe, kwa shangazi, na kwa wahudumu wote wa wodi ya wazazi, sisi wa kituo hiki tunasema poleni. Poleni sana. Mungu ampumzishe pema mama yetu, na awape nguvu ninyi mliobaki. Nyumbani kwangu ametuachia binti wa miaka sita asiyetaka kutoka bafuni.

Kabla hajaondoka jana, yule mwalimu aliniomba dakika moja peke yake na kipaza sauti. Nikatoka, nikasimama nyuma ya kioo pamoja na fundi mitambo wetu. Hatukukata hata sekunde. Alisema hivi:

"Mama, mguu hauumi. Hakuna siku ninayoikumbuka ambayo umewahi kuniuma. Njoo umwogeshe mtoto."