Mwaka Uliompita

Ndani ya treni, fundi cherehani alikaa mkabala na wanaume wawili wasiojuana, muuza viatu na mwalimu, wakibishania tukio kubwa la mwaka.

“Daraja kubomoka!” alisema muuza viatu.

“Wacha wee! Timu yetu kutwaa kombe, watu wazima tulilia,” mwalimu akajibu. “Dada, hebu tuamue.”

Fundi alibabaika. Mwaka mzima alimuuguza mama yake chumbani, akimlisha na kumgeuza, hadi walipomzika juzi.

“Hata tetesi sikuzisikia.”

“Kwani ulikuwa wapi?”

“Nyumbani tu, nikiuguza.”

Wakanyamaza kwa haya. Ukimya ule alikuwa ameuchoka.

“Msinyamaze, kaka zangu,” akawasihi. “Nisimulieni tangu Januari.”

Mwalimu akakohoa, akaanza. Hajafika Februari, treni ikasimama, wote wawili wakateremka.