Kidonge cha Fundi Faruk

Usinibetulie midomo. Umeshaanza kutikisa kichwa hata sijasema lolote, eti nchi nzima haiwezi kuning'inia kwenye birika la mwanamke mmoja. Kaa chini usikie kwanza, halafu ubetue. Wala usiulize habari zilitokaje ndani ya kile chumba. Mtaani kwetu Buyenzi ukuta mmoja ukikohoa, wa pili unasema pole.

Kijiwe ni benchi la mbao mbele ya chumba cha Mama Sijaona, muuza kahawa. Mvua ikinyesha benchi huingizwa ndani, mlango ukaachwa wazi moshi utoke. Asubuhi ile mvua ilinyesha. Walikuwa watatu wale wale: Radjabu, anayeuza betri kuukuu za magari, jina lake la mtaani Batiri, Seifu, aliyekuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ambaye kila neno lake ni tangazo, wakamwita Kominike, na Djibril, huu mwaka wa ishirini anasema atakwenda Makka, basi ni Hadji Bado. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Idi. Na nyumba ya tatu kutoka pale, chumba cha uani, Fundi Faruk alikuwa amelala chini, mikono imefungwa kwa kamba ya kuvutia magari.

Faruk ni fundi wa umeme wa magari. Juzi yake aliingia garaje, akafungua magari manne ya watu, akang'oa nyaya zote, akazisuka kama ukili huku akisema zinamteta. Dada yake, Soumaya, hana mwanamume mwingine nyumbani. Alifika kijiweni mapema akasema maneno machache, amesimama: kamyoneti inakuja kabla ya adhuhuri kumpeleka ndugu yake kwa mzee mmoja mlimani anayetibu kwa majani na mnyororo. Wazee wakisema aende, ataenda. Wakisema asiende, wamwambie aende wapi. Hakungoja kahawa.

Mama Sijaona aliwahi kumwona mtu aliyerudi kutoka kwa mzee huyo. Alirudi mtulivu kweli. Mguu mmoja ndio haukurudi mzima. Basi alikuwa akimimina huku masikio yakiwa kwa wale watatu, akingoja mmoja wao aseme neno la maana.

Alingoja sana. Batiri alianza na kwamba mutu ana plus na minus, na Faruk kwa kushika nyaya miaka ishirini zimegusana humo kichwani. Dawa ni kutembea peku, moto uteremke ardhini. Kominike akatangaza kuwa hilo ni la kitoto. Ziwa limepanda, limekula nyumba za watu huko chini, na majini ya vilindini nayo sasa ni wakimbizi, yanatafuta pa kulala. Kichwa cha Faruk kilikuwa na nafasi. Hadji Bado akakubali jini, ila akasahihisha kabila lake. Ni jini la Kibelgiji. Faruk usiku anasema Kifaransa, na shule hakuiona.

— Kifaransa gani? Mama Sijaona akauliza.

— Soumaya amesikia mwenyewe.

— Amesikia demareri, alternateri na buji. Jini lako lilisomea garaje?

Wakacheka kidogo, wakaacha. Hadji Bado hakupenda. Akasema hospitali walishaijaribu, na kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kidonge kimoja kuvunja jini. Mlimani aende tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana mwenyewe ana miaka arobaini, alisema Mama Sijaona.

Hapo Kominike akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya dola. Akasema kule Kigobe, kwenye maofisi, kuna mpango. Kila avenyi, kila njia ya mtaa, itoe kichaa mmoja kwa mwaka. Mwaka jana ilikuwa avenyi ya jirani, mwaka huu zamu yetu. Imeandikwa, ina muhuri.

— Mpango huo sijaupeleka mimi, alisema mtu mlangoni.

Alikuwa mgeni, amelowa mabega, kofia mkononi. Akajitaja: Méthode, shoferi wa ofisi moja hukohuko Kigobe. Katika magari manne yaliyong'olewa nyaya, moja ni lake, yaani la mkubwa wake. Alikuwa anamtafuta Faruk. Mama Sijaona akampa nafasi na kikombe, akamweleza Faruk alipo.

Kominike akamkamata hapohapo. Kwani wanaandika nini huko, kama si mipango?

— Wanaandika, mzee. Mimi njo nabeba makartoni ya karatasi zao. Barabara wanaandika programu ya miaka ishirini. Maji, vilevile. Ya wagonjwa wa vichwa nilibeba moja, zamani. Ilikuwa ya miaka miwili.

— Ikafanya nini?

— Mwaka wa kwanza walitafuta ofisi. Wa pili wakaagana.

Batiri akasema haraka haraka haina baraka. Hakuna aliyejua amesema kwa ajili ya nini.

Méthode akauliza kama Faruk ndivyo alivyo siku zote, maana mwezi wa kwanza alimtengenezea taa vizuri kabisa. Basi wakamwambia wote kwa pamoja, maana hapo walikuwa na cha kujivunia. Faruk aliugua hivi mwaka juzi. Muuguzi wa hospitali akampa vidonge, akamwambia Soumaya: kila siku, bila kuruka, labda maisha yake yote. Kwa dada yake akawa anavitema. Soumaya akavileta kijiweni kwenye kopo. Kikombe cha kwanza cha asubuhi kikawa cha Faruk, kidonge juu ya kisosa, na wazee watatu wakikodolea koo lake mpaka kishuke. Mbele ya wanaume hakutema. Miezi kumi na moja alikuwa mzima, akatengeneza magari, akaanza hata kutafuta mchumba.

— Kila asubuhi? Méthode akauliza.

— Kila asubuhi, sha. Hata mvua inyeshe.

— Na mwezi wa Ramadhani alikuwa anamezea wapi?



Mama Sijaona akageuza uso kwenye rafu. Usiku wa kuamkia mfungo, kama kila mwaka, aliosha birika, akalifudikiza, akarudisha vikombe nyuma. Kopo lilikuwa nyuma ya vikombe; Idi ilipopita vikombe vikarudi mbele, lenyewe likabaki, na Faruk hakuwa anakuja tena. Akanyoosha mkono, akalitoa. Lilikuwa zito bado.

Hadji Bado alisema polepole, akiangalia magoti yake:

— Mugonjwa ana ruhusa. Hata wakati wa daku angemeza.

— Ulijua? Mama Sijaona akauliza.

— Kila mutu anajua.

— Ulimwambia nani?

Batiri ndiye aliyepata pa kutokea. Akasema kopo lilikuwa kwake Mama Sijaona, si kwa mwingine.

— Lilikuwa kwangu, akasema. Bibi wa miaka sabini na moja, jicho moja lina ukungu. Mi nilifunga birika, sikuuliza. Ninyi mulikaa mwezi mzima mukifuturu na yeye, mukimuona, hamukuuliza. Na aliyesema "maisha yake yote" hakuuliza ni maisha ya nani yatakayomshikia kikombe. Huu ni mwezi mmoja tu. Mi nikifa, ni Ramadhani isiyo na Idi.

Nje kamyoneti ikapiga honi.

Kominike akaanza kusema kwamba kwa kuwa dereva amekwishafika, na mafuta amekwishatia, basi.

— Mlimani haendi, alisema Mama Sijaona. Hiyo kamyoneti itatupeleka hospitali.

— Wakisema kitanda hakuna?

— Nitalala naye sakafuni.

— Na wakishamrudisha? Batiri akauliza. Safari hii hakuwa anabishana. Mwezi ujao, mwaka ujao, itakuwa nani?

Mama Sijaona alimtazama yeye, akamtazama Hadji Bado, akamtazama Kominike, mmoja mmoja, muda wa kutosha mtu kuinuka. Méthode aliangalia kofia yake. Aliyeinuka hakuna.

Akamwaga kahawa iliyobaki juu ya makaa, jivu likaruka. Akajitanda kanga, akabana kopo kwapani, akatoka kwenye mvua, akaufunga mlango nyuma yake, wao wakiwa ndani.