Jumamosi za Marretje Loosman

Mpendwa wetu Marretje Terlaak, binti Loosman, alizaliwa hapa Urk tarehe 14 Februari 1944, mtoto wa pili wa marehemu Meindert na Hiltje Loosman. Bibi Hiltje alikuwa akisimulia kwamba upepo wa siku ile ulivuma hata mkunga akaletwa ameshikwa mikono na wanaume wawili, asije akapeperushwa. Aliyemtangulia kuzaliwa ni kaka yake Hessel, baba yangu mimi ninayesoma haya, aliyeketi hapa mbele.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hadi mwaka 1956, kisha miaka miwili katika shule ya wasichana ya kazi za nyumbani. Huko alijifunza kutia nguo wanga na kupiga pasi, na karama ile Mungu hakumnyang'anya hata uzeeni.

Mwaka 1961 alikwenda mjini Den Haag kufanya kazi katika nyumba za watu, kama wasichana wengi wa hapa. Mwaka 1964 aliajiriwa kwa dobi wa hospitali, akapiga pasi mashuka na makoti ya madaktari kwa miaka arobaini. Tarehe 9 Mei 1969 alifunga ndoa na Wouter Terlaak, dereva wa tramu, mtu mpole na mcheshi. Mungu akawapa binti mmoja, Aaltje.

Jumamosi moja ya Oktoba mvua iliwanyeshea njiani, Wouter akamvuta mkono wakajificha katika makumbusho ya sanaa. Shangazi hakuwa amewahi kuingia. Alisimama mbele ya picha ya bibi mmoja wa kale mwenye kola kubwa nyeupe, akasema, "Wouter, tazama! Hii kola imetiwa wanga barabara. Sijui nani aliipiga pasi, lakini ningempa kazi kesho." Tangu hapo, kila majani yalipoanza kupukutika, Jumamosi zao zilikuwa hizo: kutembea taratibu chini ya miti, kuingia makumbusho, kutazama picha tatu nne, kunywa kahawa na keki ya tufaha, kurudi nyumbani. Jumapili hakwenda hata mara moja. Siku ya Bwana aliitunza.

Shida ilikuja Oktoba 1991. Alimtumia baba kadi ya posta ya makumbusho yenye picha ya Adamu na Hawa. Kwake ilikuwa ni Maandiko, na nguo alizokuwa akizitazama sana katika picha zile hazikuwamo, basi hakuwaza zaidi. Lakini mpeleka barua wa hapa alikuwa na mdomo. Kabla kadi haijafika mlangoni, bandari nzima ilijua kwamba mzee wa kanisa Hessel Loosman ameletewa watu uchi kutoka mjini.

Baba alimpigia simu. "Marretje, umenivua nguo mbele ya watu!"

"Si wewe uliyevuliwa, Kaka. Ni Adamu."

"Humo mnamoabudu sanamu sitakanyaga mpaka nife!"

Na hakukanyaga. Waliendelea kutembeleana kwenye siku za kuzaliwa, wala hawakununiana. Ila kila mwaka majani yakigeuka njano Shangazi alimwita, "Njoo tutembee mara moja tu, Kaka," na kila mwaka baba alikuwa na kazi. Wouter alipofariki mwaka 2003, Shangazi alitembea peke yake, akaendelea kumwita. Hakuna kingine alichokitaka kwa mtu yeyote.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, na mwaka huu mwezi wa Septemba daktari alisema asitegemee kuiona Krismasi. Aaltje alipiga simu hapa. "Mjomba, mama hataki maua. Unajua anachotaka."

Jumamosi tarehe 15 Oktoba nilimpeleka baba mjini. Alivaa suti nyeusi ya kanisani, na peremende mfukoni kama mtu anayekwenda kusikiliza mahubiri marefu. Tulitembea polepole na Shangazi, majani yakituangukia mabegani. Katika makumbusho huazimisha vigoda vya kukunja kwa wasioweza kusimama. Baba akambebea dada yake kigoda, macho yake chini.

Shangazi akasema, "Kaka, hiyo sakafu hawajaichora."

Baba akainua uso. Mbele yake palikuwa na picha ya samaki juu ya meza. Ndugu zangu, mnajua baba alikuwa mnadani miaka arobaini na mbili akikagua samaki. Akasogea.

"Nani kamuuza huyu? Ana siku mbili."

"Ana miaka mia tatu na hamsini, Kaka."

"Siku mbili, nakwambia! Macho yamezama. Tazama matamvua, yamepoteza wekundu. Huyo mchoraji hakudanganya."

"Kwa hiyo si sanamu ya kuabudu?"

"Samaki aliyechacha nani atamwabudu?"

Alikaa pale hata mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Shangazi alikuwa ameketi kigodani, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Kwenye kahawa baba alitoa Biblia yake ya mfukoni, akafungua Mwanzo. Kadi ilikuwamo. Miaka thelathini na mmoja aliitunza, naye alikuwa amewabandikia Adamu na Hawa, kila mmoja pale panapostahili, kipande cha karatasi ya peremende. Shangazi aliigusa kwa kidole. "Umewavisha vibaya, Kaka. Kingo hazijanyooka."

Shangazi alilala katika Bwana nyumbani kwake, Jumanne tarehe 22 Novemba 2022, saa nne asubuhi, Aaltje akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka 78.

Ameacha binti yake Aaltje na mkwewe Corstiaan, wajukuu Wybren na Femke, kaka yake Hessel, na sisi watoto wa kaka yake. Kadi ile imo mikononi mwake ndani ya jeneza. Baba ameiweka mwenyewe jana, baada ya kuzibandua zile karatasi, kuzikata upya kwa rula na kuzibandika tena.

Apumzike kwa amani Marretje wetu, katika vazi jeupe lisilo na kunyanzi.