Gari la Kilo Mia Tano

Benchi lilikuwa ubao mnene wa mninga uliolazwa juu ya ringi nne za lori, mbele ya nyumba ya marehemu Mzee Shomari Mwinyikambo, Temeke Wailes, hatua chache kutoka kituo cha teksi cha hospitali. Alhamisi ile ya mwaka 1993 walikuwapo watu wanne. Talha alikuwa na dele lake la kahawa juu ya mkaa na sahani ya kashata. Nurdin Likwata aliitwa Kastamu, ingawa hakupata kufanya kazi forodhani hata siku moja. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kwa miaka kumi na mmoja. Wilbert Hokororo, fundi wa magari kutoka Masasi, aliitwa Pistoni. Wa nne ni Badru Shomari, mtoto wa marehemu, dereva wa teksi. Huyu hakuwa na jina la utani. Alikuwa na vijitabu viwili vya Kiingereza mapajani, na kabla ya alasiri alitakiwa awe amefika Msasani kutaja jina moja.

Bwana Halloran, Mzungu wa Msasani, mhandisi wa maji, alikuwa anarudi kwao Jumamosi. Katika stoo yake kulikuwa na makasha mawili ya mbao, kila moja lina gari la michezo la kujiundia mwenyewe: fremu, bodi, viti viwili, taa na mfuko wa nati. Moja liliitwa Tarrant, la pili Winfold. Yeye na rafiki yake walibishana lipi bora, wakaagiza yote mawili ili washindane kuyaunda, na hawakuunda hata moja. Badru alikuwa amewapeleka watoto wa Halloran shule miaka mitatu bila kuchelewa, na hii ilikuwa zawadi yake: achague moja, lingine atapewa jirani; asipofika kabla ya alasiri, jirani atachukua yote mawili.

Ila magari yale hayakuja na injini. Injini, giaboksi, ekseli na usukani vilitakiwa kutolewa kwenye gari jingine, na vijitabu vyote viwili vilitaja gari hilo kwa jina: Ford Escort. Badru alikuwa na Ford Escort moja tu, teksi aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa imeegeshwa pale pale mbele ya benchi, na ilikuwa ikilisha watu sita. Siku hizi iliwalisha kwa taabu. Tangu zilipoingia Korola za Dubai, abiria waliokuwa wakitoka hospitali waliipita Escort ya Badru kama watu wanavyolipita jeneza. Ndipo akapata wazo la gari la wazi la kubebea maharusi.

—Soma tena uzito, alisema Kastamu.

—Tarrant kilo mia tano na ishirini. Winfold kilo mia nne tisini na tano.

—Mia nne tisini na tano! Gari? Ng'ombe wawili wa mnada wa Pugu wanalizidi. Chuma kingine kimekwenda wapi?

—Ndo sifa yake, Mzee Kastamu. Jepesi ili likimbie.

—Mie nimehesabu mizigo, mwanangu. Kasha likiwa jepesi, ujue kuna mtu kalifungua kabla yako.

—Lakini maandishi yenyewe ndo yanasema jepesi!

—Basi aliyelifungua ndiye aliyeandika.

Talha alicheka, akamwongezea kahawa.

—Braza, msikilize fundi, alisema Wilbert. Chukua Winfold. Bodi yake faiba, haili kutu. Tarrant bodi alumini.

—Faiba ndo nini? aliuliza Talha.

—Kama zile boti za Wazungu pale Msasani.

—Plastiki?

—Faiba!

—Basi ni beseni lenye magurudumu.

—Na Tarrant je? Alumini si sufuria?

—Afadhali sufuria, alisema Talha. Sufuria ikitoboka naipeleka kwa mafundi wa Gerezani, naletewa ikiwa nzima. Beseni likitoboka nani anaziba?

—Sasa nyie mnajadili vyombo vya jikoni, alisema Badru. Mie naulizia gari.

Moyo wake ulikuwa kwa Tarrant. Katika kijitabu chake kulikuwa na picha ya kijana wa Kizungu ameshika usukani, na pembeni yake mwanamke aliyefunga skafu, ncha zake zikipepea nyuma. Tangu Jumapili Badru alikuwa akimwondoa mwanamke yule na kumweka bibi harusi, mwenye shela jeupe linalopepea, matarumbeta yakitangulia mbele. Kijana naye alikuwa akimwondoa na kujiweka mwenyewe, kanzu na koti.

—Na hizo kilo mia tano, aliendelea Talha, umefikiria wezi? Watu wanne wanalibeba. Unaliegesha Kariakoo, unaingia kununua njugu, ukitoka linakata kona juu ya vichwa vya watu.

—Wezi wanaiba Korola, alisema Wilbert. Hilo watalipeleka wapi? Halina hata mlango.

—Halina mlango?

—Unaruka tu unaingia.

—Mnaona! alisema Kastamu. Chuma hakuna, mlango hakuna, paa hakuna, injini hakuna. Huyo Mzungu kampa nini sasa? Leta hapa hivyo vitabu.

Alivichukua, akavifungua kwenye picha kubwa, akavilaza ubavu kwa ubavu juu ya ubao. Kisha akatoa miwani mfukoni mwa shati na kutazama kwa muda mrefu, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kushika kalamu ya serikali.

—Badru, mwanangu. Tazama nyumba iliyo nyuma ya Tarrant. Nini kipo juu ya mlango?

—Dirisha la duara.

—Tazama nyuma ya Winfold.

Wote waliinama. Lilikuwapo dirisha la duara, na chini yake mlango ule ule, na ngazi zile zile tatu.

—Ah! alisema Talha.

—Makampuni mawili yanayogombania wateja, yanapigia picha kwenye ukuta mmoja? aliuliza Kastamu. Mnamjua yule bwana wa vitenge, Mtaa wa Kongo? Ana maduka mawili yanayotazamana. Huku wanakukazia bei, unahama kwa hasira, ng'ambo wanakulegezea, unanunua unajiona mjanja. Jioni funguo zote zinaingia mfuko mmoja.

—Sasa mie nichague nini, kama mwenyewe ni mmoja?

—Ndo hapo. Mtu anapewa achague ili asiulize.

—Kama hivi vyama vyenu vipya vya siasa tu, alisema Talha.

—Talha, mimina kahawa, alisema Kastamu.

Badru alivirudisha vijitabu mapajani. Dirisha lile lilimkera. Hakuamini maneno ya Kastamu, lakini kila alipotazama picha sasa aliliona dirisha kwanza, mwanamke wa skafu baadaye.

—Bwana Halloran siyo mtu wa hivyo, alisema. Nimempelekea watoto shule miaka mitatu.

—Ndo ujue kakusoma miaka mitatu.

—Anisome ili iweje?

—Pistoni, fremu ya gari hilo ni ya nini?

—Mabomba. Mabomba membamba ya chuma, matupu ndani.

—Matupu nani kakwambia? Huyo si mtu wa maji? Visima vya mwisho kachimba wapi?

—Arusha huko, alisema Badru. Njia ya Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti.

Kastamu alivua miwani. Hakuhitaji kusema lolote, lakini alisema.

—Bomba tupu, Mererani, na gari la bure. Uwanja wa ndege wanakagua mpaka soksi. Anakuachia wewe, anaondoka mikono mitupu. Mwakani anarudi eti kutalii. "Badru rafiki yangu, naomba nilione gari langu la zamani." Unamletea mwenyewe, umeliosha.

—Na akija akakuta vijiwe vya bluu havimo? aliuliza Talha.

—Atauliza nani alichomelea fremu.

Wilbert aliliweka chini bakuli la kahawa.

—Mie sichomelei kitu. Mie kazi yangu injini tu. Tena hiyo ishu ya injini naimaliza leo. Braza, sema neno, mpaka magharibi Escort ishafunguka yote.

Haraka ile haikumpendeza Badru. Wilbert alikuwa na kaburieta ya mteja wake iliyolala mezani wiki tatu, na hakupata kusikika akitamka neno "leo".

—Wilbert, aliuliza polepole. Nikishatoa injini, ile bodi ya Escort itakuwaje?

—Itakuwaje nini? Mabati tu yale.

—Na milango?

—Milango... milango si kuna mtu wa Kimbiji aliulizia. Mlango mmoja mmoja. Siyo kwamba nimemwahidi.

—Umemwahidi!

—Nimemwambia labda.

—Kumbe! alisema Kastamu. Fundi kashauza gari lingali linatembea.

—Wewe nyamaza, Mzee Kastamu. Jana ulimuuliza nini Badru? Kasha la gari lipi lina mbao ndefu. Nilikuwepo. Unajenga banda la kuku.

—Mbao zitatupwa zile!

—Na Talha naye, alisema Badru, aliyekuwa ameanza kuona vitu. Asubuhi nimekukuta umeingia kiti cha nyuma cha Escort unapima shubiri. Nikadhani umeangusha kitu.

Talha alitazama dele lake.

—Kiti kile kina springi nzuri, alisema. Sie watu wazima, ubao huu unatuumiza. Nilisema kama hukitaki.

Badru aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama Escort. Ilikuwa bado inadondosha maji baada ya kuoshwa, na tayari milango ilikuwa Kimbiji, kiti cha nyuma kijiweni. Alijiona kama mgonjwa aliyezinduka akakuta ndugu wanagawana nguo zake. Hata hivyo, hakuona njia nyingine. Wiki nzima alikuwa amepakia safari tatu. Alisimama, akavikunja vijitabu.

—Nakwenda Msasani, alisema. Nachukua Tarrant. Liwe la bwana wa vitenge, liwe na vijiwe, nalichukua. Harusi tu ndiyo itakayonitoa.

Ndipo wakatokea wanawake wanne kona ya msikiti, wamebeba mikoba na ndoo ya plastiki iliyofunikwa kanga. Aliyetangulia alikuwa Bi Nusaiba wa Tandika, mpambaji wa maharusi. Kuanzia Mbagala hadi Magomeni, bibi harusi aliyepambwa vizuri alipambwa na yeye. Badru alikuwa amepanga kumwendea wiki ijayo, kwa sababu familia zikiuliza gari, huwa zinamuuliza Bi Nusaiba.

—Shikamoo Bi Nusaiba.

—Marahaba, mwanangu. Mbona mmenuna hivi, mmefiwa?

—Hatujafiwa. Bi mkubwa, hebu nikuoneshe kitu. Siku si nyingi utanihitaji.

Alimfungulia picha ya Tarrant, akamweleza yote kwa pumzi moja: gari la wazi, rangi nyekundu, riboni mpaka kwenye taa, matarumbeta mbele, shela linapepea, dereva kanzu na koti. Bi Nusaiba alikipokea kijitabu, akakisogeza mbali kidogo na macho. Alitazama picha. Aligeuza ukurasa akatazama ilipopigwa kwa juu, akarudi kwenye ile ya kwanza.

—Zuri, alisema. Na huyu anayeendesha ndo wewe?

—Ndo mie.

—Na hapa anakaa bibi harusi.

—Hapo hapo.

—Bwana harusi umemweka wapi?

Badru alikichukua kijitabu, akatazama viti viwili, mkono wake ukitafuta nafasi nyuma ya viti, mahali palipokuwa na tairi la akiba tu.

—Kwenye Winfold je? aliuliza Kastamu.

—Viwili pia, alisema Wilbert.

—Bwana harusi aendeshe mwenyewe, alisema Talha.

—Na asipojua? Na Badru arudi kwa miguu?

—Bwana harusi atangulie na wenye matarumbeta.

—Kwenye harusi yake mwenyewe?

—Tairi la akiba litolewe...

Sentensi ile Wilbert hakuimaliza. Kastamu alivaa miwani, akavua, akaomba kahawa. Talha aliinamisha dele. Yalitoka masimbi matupu ya kahawa.

—Mkimpatia nafasi mtaniambia, alisema Bi Nusaiba. Sie tuko wanne, na mwari yupo Kimara anasubiri hina. Korola zote kituoni zimetoka. Unatupakia, au nikasimame barabarani?

Alikuwa ameshaufungua mlango wa nyuma. Badru aliingia nyuma ya usukani. Escort iliwaka kwa mara ya pili, na kabla hajatia gia alimsikia Kastamu akisema kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini:

—Mnaona? Yule mama hakuja hivi hivi. Katumwa.

—Na nani?

—Na jirani wa Mzungu.

Walikwenda kwa Barabara ya Mandela, ambayo watu wa umri wa Kastamu bado waliiita Port Access, mpaka taa nyekundu za Ubungo. Mbele ilikuwa njia ya Msasani, kushoto njia ya Kimara. Msikiti wa karibu ulianza adhana ya alasiri. Badru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama kwenye kioo.

—Bi Nusaiba. Huyu bwana harusi wa Kimara, mnene?

—Badru, taa.

Ilikuwa imewaka kijani. Nyuma yake Korola ilipiga honi. Badru akakata kushoto.