Haidari Bushiri na Darasa la Banda la Video

Asalaam alaykum, ndugu zangu mliokuja kutushika mkono. Haya ya kazini kwake marehemu kanihadithia mke mwenzangu Mwantum, yaani mkewe, tukipepeta mpunga, na ya utotoni nayajua mwenyewe, maana Haidari Bushiri ni mjukuu wangu, nimempokea kwa mikono hii hapa hapa Mtawanya, tarehe nne Mei 1984.

Alisoma shule ya hapa, akaenda sekondari Ikwiriri, akasomea udaktari Dar akamaliza 2011, mwaka uliofuata akamuoa Mwantum binti Sadala wa Umwe, wakajaaliwa Zawadi na Mudrick. Mwaka 2016 chuo kikamchukua awafundishe madaktari watarajiwa afya ya jamii, maana yake kuuzuia ugonjwa kabla haujabisha hodi.

Darasani wanafunzi wakawa wanasinzia tu. Basi walipoletwa Kibiti kwa mazoezi, Haidari akakodi banda la video la Sufiani, akawawekea filamu ya Kihindi, mama anakohoa, anaimba, anakufa. Mnajijua nyie, banda letu pakifika pa kulia watu wanapiga kelele, "Peleka mbele, tufike kwenye ngumi!" na wale wasomi nao wakapiga hizo hizo. Haidari akaisimamisha picha, akauliza, "Mama alikuwa analala na nani chumba kimoja? Dirisha liko wapi?" Wakaanza kubahatisha, naye akawaambia, "Ugonjwa umewapita mbele ya macho, nyie mnangoja ngumi!" Akairudisha mwanzo, wakaangalia upya wakibishana, mpaka Sufiani akasahau kuuza karanga zake.

Mkuu wa chuo aliposikia akafoka, "Dokta, wazazi wametuletea watoto wasome, wewe unawaonyesha sinema! Wakipelekwa kazini huko Delta ya Rufiji wakashindwa, somo lako nalifuta." Haidari akarudi nyumbani, akamwambia mkewe wakilifuta atarudi kulima, wala hakuwa anatania.

Februari 2019 kijiji kimoja cha Delta kikaingiwa na ugonjwa wa kuharisha, wanafunzi wakaenda kwa boti, mkuu nyuma yao. Wakatia dawa kisimani, wagonjwa wakazidi, mkuu akaanza kutikisa kichwa. Ila binti mmoja, Siti, akaenda kukaa na watu matangani, akatazama wanavyokula, akaona beseni la kunawa linazunguka, maji yale yale kutoka mkono wa kwanza mpaka wa mwisho. Akamuuliza Bi Sihaba aliyekuwa akilizungusha, "Bibi, haya maji mbona hayabadilishwi?" "Nawa ule, mwanangu, mambo ya Dar yaache Dar!" Siti akacheka, akambembeleza, wakaanza kumiminiana kwa jagi na sabuni, na wagonjwa wapya wakapungua mpaka wakaisha.

Mkuu akaja mwenyewe bandani Kibiti, akakaa benchi la mbele, "Haya Dokta, leo tunaangalia ipi?" Banda zima kicheko.

Mwaka 2023 Haidari akaanza kuumwa figo, akatibiwa, akaendelea kufundisha, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025 Mola akamchukua. Somo halikufutwa, sasa analifundisha Siti, yule pale mkekani.

Tunawashukuru madaktari waliomuuguza, majirani mliopika, na wenzake wa chuoni mliomsindikiza. Pumzika, baba, umefanya kazi ya watu, Mola akupe nafasi pana na yenye nuru. Nanyi watoto, futeni machozi, ingieni ndani mkalale.