Pampu Inayomjua Spana

Benchi langu liko kati ya kinyozi na karakana ya kuchomelea mageti. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kwa hiyo nasikia yote. Siku hizo habari ilikuwa moja tu: wanafunzi wa uhandisi waliojitolea kutengeneza pampu ya kituo cha wazee, hapo ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu hiyo, na hawajagusa hata nati. Jambo hili lilimchoma sana Spana, mwenye karakana. Pampu ile ameitengeneza mara tatu, na mfua nguo wa kituo ni mkewe. Ikiponea mikononi mwa watoto wa juzi, jina lake la ufundi limekwisha, tena nyumbani kwake mwenyewe.

— Wanakaa na daftari tu, Spana alisema. Fundi gani huyo wa kuandika?

— Hao si mafundi, alijibu Redio, kinyozi wetu. Wanapima kiwanja. Utasikia kituo kimeuzwa.

— Acha hizo! Jana wamemhoji mke wangu, eti maji hukatika saa ngapi. Saa ngapi! Pampu inavaa saa?

— Hapo sasa! Kisimani kuna madini, wanavizia. Pampu inayafyonza, ndiyo maana inakwama.

— Madini gani?

— Dhahabu. Wale wazee wanaogea dhahabu, basi tu hawajui.

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa. Spana akajipiga kifua.

— Sikilizeni. Pampu ile inanijua. Nikiitwa, nazima kila kitu hapa, maana kazi bila macho yangu haifanyiki. Nafika, nafungua, nafunga, maji juu! Wazee wananipigia makofi. Nikirudi tu kazini, nusu saa haiishi, imekufa tena. Haitaki mkono mwingine.

— Ina wivu, Redio alisema. Muulize mkeo kama yuko tayari kwa uke wenza.

Hapo akaja binti mmoja wa wale wanafunzi, daftari kwapani, jasho usoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Nikampa kikombe.

— Pampu ni nzima, alisema. Aliyeishika anaijua kazi.

Spana alivimba.

— Si niliwaambia!

— Shida ni umeme. Kuna saa unapungua nguvu, pampu inashindwa kuzunguka. Tumefuata waya: kituo na karakana hii mko laini moja. Nina swali dogo tu, baba. Ukienda kuitengeneza, mashine yako ya kuchomelea inakuwa inafanya kazi?

Ndani ya karakana cheche zilikuwa zinaruka, fundi mwenzake akiunga geti. Ng'ambo, mkewe alikuwa anapanda ngazi za kituo, ndoo kichwani, mkono mmoja kiunoni. Redio akaanza kukagua kucha zake. Nilimhurumia rafiki yangu, kwa kweli.

Spana aliweka kikombe chini, akaingia karakanani. Mashine ikanyamaza. Akarudi, akakaa palepale.

Haikupita muda, mkewe akatoka mbio, mikono ina povu hadi viwikoni, anapaza sauti mtaa mzima usikie.

— Baba watoto! Maji yanatoka! Kaitengeneza nani?

Spana alitutazama. Mimi nikatazama birika, Redio akatazama barabara. Binti wa watu akafunga daftari lake taratibu, akanywa kahawa.