Dokta Yeshimebet, Mwongo Wetu wa Malaria

Baada ya miaka thelathini na moja ya kutoboa watu vidole, Dk. Yeshimebet Wubneh anastaafu tarehe tano Pagume, siku ya kufunga mwaka wetu wa Kiethiopia. Mwezi wa siku tano kauchagua makusudi: anasema tukipewa mwezi mzima tutaujaza hotuba.

Alifika hapa hospitalini kwetu Bahir Dar kama mtafiti wa malaria, akiwa na hadubini yenye lenzi iliyopasuka na mdomo uliokuwa mzima kabisa. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaumwa leo, na ugonjwa utapiga wapi kesho.

Ya leo aliifanya popote. Ukipiga miayo mbele yake, umekwisha. Kwenye ubatizo wa mjukuu wake, kasisi alipiga miayo. Kabla ya "amina" alishatobolewa kidole. Wageni waliguna, majibu yakatoka: anayo! Siku hizi makasisi wakimwona wanafumba mdomo.

Ya kesho ndiyo iliyompa jina la Mwongo. Mwaka mmoja alizitazama mvua za nyanda za chini, ambako vijana wetu huenda kupalilia ufuta, akatangaza, "Hawa wakirudi kula sikukuu ya Meskel, watarudi na malaria." Akapiga hema stendi ya mabasi, akawapima wote kabla hawajafika kwa mama zao. Lo, alivyosemwa! "Mama, watu wanawasha moto wa sikukuu, wewe unanitafuta damu?" Waliokutwa nayo walipewa dawa palepale. Mlipuko haukuja.

Mkuu wetu wa wakati huo akamwita. "Dokta, huo mlipuko wako uko wapi? Umetuaibisha bwana." Mwaka uliofuata akamnyima hema. Yeshimebet alifoka hadi mlinzi akaja mbio, wapi! Baada ya sikukuu wodi zilijaa, wagonjwa wawili wawili kitandani, na mama mzazi wa mkuu akiwamo. Dokta alimtibu vizuri sana yule bibi. Aliyomwambia mwanawe hayaandikiki kwenye jarida la wafanyakazi.

Alemnesh, mfagizi wetu aliyetutania wote bila kujali vyeo, hakupona. Tulilia sana. Mkuu alimfuata Dokta msibani, akamwambia, "Kumbe ulisema kweli." Dokta akajibu, "Afadhali ningekuwa mwongo, Alemnesh angekuwa hapa ananicheka."

Hema likarudi stendi, na kila Meskel lipo. Malaria haijatuvamia tena namna ile, na kila mwaka hakosekani mjuaji wa kuuliza kelele zote zile zilikuwa za nini. Dokta humcheka, kisha humshika kidole.

Ahsante, Dokta, kwa niaba ya vidole vyetu vyote. Tunakutakia maisha mema, usingizi mnono na kahawa isiyokauka. Umeshatangaza kwamba mwaka huu malaria inakuja kwa nguvu, na sisi hema tumeshalisimamisha. Mungu akijalia, utaonekana mwongo tena.